Minyororo ya Chuma Iwe ya Mwisho, Si ya Kwanza

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu kwa sababu nina ugomvi wa aina nyingine. Ugomvi wenyewe ni juu ya vifaru. Sisemi vifaru wa Nakuru wenye pembe. Nasema vifaru vya vita, tena vile vidogo vinavyoendeshwa kwa rimoti, ambavyo watu wazima wenye ajira na madeni huvichezea sebuleni wikendi na kusingizia kwamba wamewanunulia watoto.

Mtu akinunua kifaru cha namna hii na kuuliza afanye nini kwanza ili kiwe bora, jibu ni lile lile kila mahali: "Toa minyororo ya plastiki, weka ya chuma." Ushauri huu umerudiwa hadi umekuwa kama amri. Mwuzaji anausema, mwenye kifaru anausema, hata yule ambaye hajawahi kugusa kimoja anausema.

Mimi napinga. Minyororo ya chuma ni kitu cha mwisho kubadilishwa kwenye kifaru cha rimoti, na kwa wengi wetu haifai kubadilishwa kabisa. Anayekushauri uanze nayo ama hajawahi kufungua giaboksi, ama anauza minyororo. Nitaeleza kwa nini, na kwa yule ambaye hatanisikia nitaeleza pia namna ya kuifunga bila kuua kifaru chake.

TUELEWANE KWANZA

Kwa wale wageni wa mambo haya: ukubwa unaopendwa sana ni 1/16, yaani kila sentimita moja ya kifaru kidogo ni sentimita 16 za kifaru cha kweli. Tamiya ya Japani inavitengeneza kwa bei ya kutisha. Heng Long ya China inavitengeneza kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuifikiria. Mfano maarufu ni Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia. Katika 1/16 kina urefu wa karibu sentimita 53 ukipima pamoja na mzinga.

Ndani mna mota mbili, moja ya kila upande, na kila mota ina giaboksi yake. Hakuna usukani. Ukitaka kupinda kulia, mnyororo wa kushoto unakwenda haraka na wa kulia unapungua au unarudi nyuma. Kila giaboksi inazungusha sproketi, lile gurudumu lenye meno, na kwenye Tiger sproketi iko mbele. Meno ya sproketi yanavuta pingili za mnyororo. Nyuma kuna gurudumu la kukazia mnyororo, na katikati kuna magurudumu yanayobeba uzito.

Kwa hiyo mnyororo si kipambo kama rangi au bendera. Ni mwisho wa mfumo mrefu: betri, bodi ya umeme, mota, gia, ekseli, sproketi, mnyororo, ardhi. Sisi waandishi wa programu tunajua vizuri kinachotokea ukibadilisha kipande kimoja cha mfumo bila kuangalia vinavyokitegemea. Unaongeza kadi kubwa ya picha kwenye tarakilishi yenye pawasaplai dhaifu, halafu unashangaa kwa nini mashine inajizima. Kadi haina kosa. Kosa ni la aliyeiweka bila kuuliza umeme utatoka wapi.

NENO "CHUMA" LINATUDANGANYA

Kiswahili kina ukarimu mkubwa na neno chuma. Reli ni chuma, sufuria ni chuma, msumari ni chuma, na hicho kitu kinachong'aa ndani ya paketi kutoka ng'ambo nacho ni chuma. Mwuzaji anautumia ukarimu huo vizuri. Akiandika "minyororo ya chuma", wewe unaona reli ya Mombasa akilini.

Ukweli ni kwamba minyororo mingi ya vifaru hivi si chuma cha pua. Ni aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kusubiwa ndani ya kalibu. Zinki safi huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, ilhali chuma halisi huhitaji zaidi ya 1500. Ndiyo maana viwanda vinaipenda: haihitaji moto mkali, inajaa vizuri kwenye kalibu, inatoa maumbo madogo yenye nakshi nzuri, na gharama yake ni ndogo. Kinachokuwa chuma cha kweli ni zile pini nyembamba zinazounganisha pingili.

Sasa tazama uzito. Sentimita moja ya ujazo ya aloi hiyo ina gramu 6.6 hivi. Chuma kina gramu 7.8 hivi. Plastiki ya kawaida ya vifaa kama hivi ina gramu moja na kidogo. Maana yake ni kwamba umechukua kitu chenye uzito unaokaribia wa chuma lakini kisicho na ugumu wa chuma cha pua, na kwa umbo lile lile kina uzito mara sita ya plastiki uliyoitoa.

Halafu kuna hizo pini. Pini ya chuma cha pua inazunguka ndani ya tundu la zinki laini. Kati ya hivyo viwili, kinacholika ni tundu. Kila tundu likipanuka kidogo tu, mnyororo wote unarefuka. Kwenye Tiger la kweli kila upande ulikuwa na pingili 96. Fanya hesabu kwa idadi hiyo: kila kiungo kikilegea kwa milimita 0.1, jumla ni milimita 9.6, karibu sentimita nzima. Kufikia hapo mnyororo unaruka meno ya sproketi na kuvuka nje kila unapopinda. Hapo ndipo utakapoambiwa utoe pingili moja. Utatoa moja, baadaye nyingine, na bado umbali wa pini hadi pini hautalingana tena na meno ya sproketi. Kukaza mnyororo hakurudishi tundu katika ukubwa wake wa kwanza.

HESABU AMBAYO MWUZAJI HAKUPI

Watu husema, "Ni kilo moja au mbili tu, mota itaweza." Tuangalie kilo hiyo inakaa wapi.

Kifaru kikitembea, pingili zilizo chini zimegusa ardhi na zimesimama tuli. Kifaru ndicho kinachopita juu yake. Zile pingili za juu, ili ziwahi mbele, zinakwenda kwa mwendo mara mbili ya ule wa kifaru. Ukijumlisha nishati ya mnyororo mzima unapata jambo la kuvutia: kilo moja iliyo kwenye mnyororo inamgharimu mota, kila anapoanza safari, nishati sawa na kilo mbili zilizolala ndani ya kiwiliwili. Kwa hiyo mtu anayetaka kifaru kizito na kuweka uzito huo kwenye minyororo amechagua mahali pa gharama kubwa kuliko pote. Angetaka uzito tu angefunga vipande vya risasi sakafuni mwa kifaru na kumaliza.

Na ujue jinsi watu wanavyoendesha. Hakuna anayeanza polepole. Kidole kinasukuma mpaka mwisho, kisha kinarudisha nyuma ghafla mpaka mwisho mwingine. Wakati huo mnyororo mzito unataka kuendelea mbele na mota inautaka urudi. Anayesimama katikati ya ugomvi huo ni jino moja la gia lenye unene wa kiberiti.

Kupinda ndiko kubaya zaidi. Kifaru hakipindi kama gari. Kinaburura minyororo yake upande kwa upande juu ya sakafu. Wahandisi wana hesabu rahisi ya ukinzani huo: msuguano, mara uzito, mara urefu wa mnyororo unaogusa ardhi, gawanya kwa nne. Urefu haubadiliki ukibadilisha minyororo. Uzito unabadilika. Tuseme kifaru kilikuwa na kilo 4 na sasa kina kilo 5.5. Ukinzani wa kupinda umepanda kwa zaidi ya theluthi moja hata kabla hatujagusa msuguano. Msuguano nao hupanda ukiwa juu ya zulia au nyasi, kwa sababu kingo za chuma zinang'ata. Kwenye vigae vilivyong'arishwa mambo hugeuka: chuma kinateleza, kifaru kinayumba kama mlevi, na mama mwenye nyumba anaona mikwaruzo.

Mota ya umeme ikizuiwa haisemi "nimechoka". Inavuta mkondo zaidi. Kadiri inavyozungushwa kwa shida ndivyo ampea zinavyopanda, na ikisimama kabisa huku umeme unaendelea, mkondo unafika kilele. Transista za bodi ya umeme zinapata moto. Betri inaisha haraka. Kwa hiyo pingili za zinki huku nje zinaweza kuchoma bodi iliyo ndani, na mwenye kifaru atalaumu bodi.

NILICHOKIKUTA NDANI

Mwenzangu mmoja wa kazini alinunua Tiger ya daraja la chini, ile yenye giaboksi ambayo gia zake nyingi ni za plastiki. Kilikuwa kinatembea vizuri. Akasikia ule ushauri, akaagiza minyororo ya chuma peke yake kutoka duka moja la mtandaoni. Ukurasa wa duka uliandika kwamba inaingia kwenye Tiger zote za 1/16. Hilo lilikuwa kweli. Iliingia.

Wikendi ya pili kifaru kilianza kulia ka-ka-ka kila kinapopinda kushoto. Akaniletea nikifungue. Sproketi, ambazo zilikuwa bado za plastiki, zilikuwa zimegugunwa kama muhindi wa kuchoma uliobaki gunzi. Gia moja ya upande wa kulia ilikuwa imepoteza meno matatu. Na pale skrubu zinaposhika giaboksi, plastiki ya kiwiliwili ilikuwa na ufa mwembamba, kwa hiyo giaboksi nzima ilikuwa inacheza na kuzidi kuharibu meno yaliyobaki.

Akaagiza sproketi za chuma. Zilipofika, gia zilizobaki zikaisha. Akaagiza giaboksi. Giaboksi mpya ilipopata nguvu, gurudumu la plastiki la kukazia likavunjika ekseli. Kila kidonda kilipotibiwa, kingine kilifunguka, kwa sababu mzigo haukuwa umeondoka. Ulikuwa unahama tu kutoka kwa aliye dhaifu kwenda kwa anayefuata kwa udhaifu. Alipomaliza alikuwa ametumia pesa za kununua kifaru kipya cha daraja la juu, na chenji ya soda.

Waliosema "kipya kinyemi ingawa kidonda" walikuwa wamemwona mtu huyu. Ila simlaumu yeye. Alifuata ushauri wa watu wote. Ushauri ndio ulikuwa mbovu.

Waendesha bodaboda wanalijua somo hili bila kwenda chuo kikuu. Cheni ya pikipiki ikiisha, fundi anayejiheshimu hakuwekei cheni mpya juu ya sproketi kuukuu. Anabadilisha seti nzima, sproketi ya mbele, ya nyuma na cheni, kwa sababu jozi isiyolingana inakulana. Sisi wenye digrii ndio tunanunua kipande kimoja kimoja halafu tunalia.

WAJERUMANI WALILIPIA KOSA HILI HILI

Wapenzi wa vifaru hupenda historia, basi tuichukue kwa uzito wake. Kifaru cha Panther kilianza kubuniwa kikiwa cha tani 30 hivi. Kisha kikaongezwa chuma. Bamba la mbele lilipandishwa kutoka milimita 60 hadi 80, na mengine yakafuata. Kilipoingia vitani Kursk mnamo Julai 1943 kilikuwa na tani 45 hivi.

Gia za mwisho, zile zinazopeleka nguvu kwenye sproketi, hazikukua kwa kiasi hicho. Kwa sababu ya uhaba wa mashine za kuchongea gia bora zaidi, Wajerumani walitumia gia za kawaida zenye meno yaliyonyooka, na gia hizo zilibaki kuwa ugonjwa wa Panther hadi mwisho wa vita. Baada ya vita Wafaransa walitumia Panther kadhaa walizozirithi, na ripoti yao ya mwaka 1947 ilisema gia hizo za mwisho zilidumu wastani wa kilomita 150. Kilomita 150! Kutoka Nairobi hufiki hata Nakuru, kifaru kimekwama.

Kilikuwa na mzinga hatari na chuma kinene. Wote waliokiogopa walikuwa na haki. Lakini waliokiendesha walijua kwamba chuma kilichoongezwa nje kilikuwa kimebebeshwa gia ambazo hazikuulizwa kama zinaweza.

Mtu anayefunga minyororo ya zinki kwenye giaboksi ya plastiki amejenga upya Panther ya 1943, pamoja na ugonjwa wake. Huo ndio uhalisia wa pekee anaoupata kwa uhakika :-)

"LAKINI CHUMA KINALETA UHALISIA"

Hii ndiyo hoja yao kubwa, na sitaikwepa kwa sababu ina ukweli ndani yake.

Ni kweli kwamba mnyororo mzito unalala vizuri. Kwenye Tiger sehemu ya juu ya mnyororo hulalia magurudumu na kubembea kidogo kati yake, na plastiki nyepesi haiwezi kubembea hivyo. Ni kweli kwamba sauti ya chuma kwenye zege ni tamu. Ni kweli pia kwamba kifaru chepesi kinarukaruka juu ya mawe kama mbuzi. Tiger la kweli lilikuwa na tani 57. Ukigawanya kwa 16 mara 16 mara 16, yaani 4096, unapata karibu kilo 14. Vifaru vyetu havifiki hata nusu. Kwa hiyo mtu anayetaka uzito ana haki ya kuutaka.

Lakini twende mpaka mwisho wa hesabu hiyo. Tiger la kweli lenye tani hizo 57 lilikuwa na injini ya Maybach, na ile ya baadaye ilikuwa na nguvu za farasi 700. Giaboksi yake ilitengenezwa kwa kazi hiyo, na bado mafundi wake hawakulala. Huwezi kudai uhalisia wa uzito na kukataa uhalisia wa giaboksi.

Tena, mnyororo wa kweli haukuwa na sifa ya kuwa mzito. Uzito ulikuwa adhabu, si zawadi. Tiger lilikuwa na seti mbili za minyororo: mipana ya milimita 725 kwa vita, ili lisizame kwenye matope, na myembamba ya milimita 520 kwa ajili ya kupandishwa kwenye mabehewa ya reli. Wanajeshi walikuwa wanabadilisha minyororo kulingana na kazi ya siku hiyo, kwa jasho na matusi. Swali lao lilikuwa "unakwenda wapi?", halikuwa "upi ni wa kiume zaidi?"

Na leo? Kampuni ya Soucy ya Kanada inatengeneza minyororo ya mpira kwa magari ya kijeshi, na jeshi la Norway limeivisha kwenye magari yake ya CV90. Mpira huo ni mwepesi kuliko chuma, una kelele kidogo, na unapunguza mtikisiko unaochosha askari na kuharibu vifaa. Fikiria hilo. Wanajeshi wa kweli, wenye magari ya kweli ya tani nyingi, wanatoa chuma na kuweka mpira. Wewe sebuleni Umoja unatoa plastiki na kuweka zinki, halafu unasema unafuata uhalisia.

GHARAMA YA MTU WA HUKU

Mtu wa Uingereza au Ujerumani akivunja gia anaagiza nyingine, inafika baada ya siku chache, anaendelea. Sisi hatuko huko. Kila kipande kinatoka mbali. Usafiri unalipiwa kwa uzito, na minyororo ya chuma ni kati ya vitu vizito zaidi unavyoweza kuagiza kwa ajili ya kifaru. Juu yake kuna ushuru wa forodha. Luthuli Avenue utapata nyaya, betri na transista. Kirinyaga Road utapata grisi na beringi. Fundi wa Kamukunji atakukunjia bamba zuri kuliko la kiwandani. Lakini sproketi yenye umbali wa meno unaolingana na pingili zako hutaipata dukani, na ukimwomba fundi aichonge moja tu, bei yake itakukumbusha kwamba muda wa fundi nao una thamani.

Kwa hiyo ushauri ambao kwa wengine ni kupoteza wikendi, kwetu ni kupoteza kifaru. Kitakaa juu ya kabati miezi mitatu kikisubiri gia. Mtoto aliyekuwa anakifurahia atakuwa amehamia mpira.

Ndiyo maana nasema wazi: kama una Tiger ya plastiki inayotembea vizuri kwenye zulia na vigae, iache. Plastiki inapinda badala ya kuvunja gia. Ikitokea ajali, pingili ya plastiki inakatika kabla ya jino la gia, na hiyo ni bahati, kama fyuzi inayokatika ili redio ipone. Ukiweka mnyororo usiokatika umeondoa fyuzi na kuweka msumari.

UKISHIKILIA, FUATA MPANGILIO HUU

Najua wapo ambao wameshaamua, labda kwa sababu wanaendesha nje kwenye murram na mawe. Huko nakubali kwamba chuma kina kazi. Basi fanyeni hivi, na mpangilio ndio dawa yenyewe:

1. Pima kabla ya kugusa chochote. Weka kifaru kwenye mizani. Pima ampea zinazovutwa kikienda mbele na kikipinda papo hapo. Andika namba hizo. Bila namba za kwanza hutajua umeboresha au umeharibu.

2. Giaboksi kwanza. Tafuta yenye gia za chuma cha pua na beringi kwenye ekseli. Tahadhari na giaboksi "za chuma" ambazo gia zake ni zinki ile ile. Muulize mwuzaji kwa maandishi, na asipojibu umejibiwa.

3. Imarisha mahali giaboksi inapofungwa. Bamba dogo la alumini chini ya skrubu linagawa mzigo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa ukuta ni kiwiliwili kizima.

4. Angalia springi na mikono ya magurudumu. Sehemu ya juu ya mnyororo wa Tiger inalalia magurudumu, kwa hiyo springi laini za kiwandani zitazama.

5. Sproketi na gurudumu la kukazia viwe vya chuma, na vitoke kwa mtengenezaji yule yule wa minyororo. Chuma juu ya plastiki, plastiki inaliwa, iwe ni upande upi. Hakikisha gurudumu la kukazia linaweza kusogezwa nyuma na mbele.

6. Sasa, na ni sasa tu, minyororo. Kunja kila kiungo kwa mkono. Kinachokwama kina ukingo uliobaki kutoka kwenye kalibu, kisugue kwa tupa ndogo. Hesabu pingili za pande zote mbili, kisha ning'iniza minyororo miwili sambamba ulinganishe urefu. Hakikisha hakuna pini inayochomoza, kwa sababu pini itakayotoka itachonga mfereji ubavuni mwa kifaru. Usikaze sana. Mnyororo uliokazwa kama kamba ya gitaa unakula beringi na betri kwa pamoja.

7. Uzoeshe. Dakika chache kwa mwendo wa chini, mbele na nyuma, kisha utoe na usafishe vumbi la kijivu utakaloliona. Hilo vumbi ni tundu zako zinavyolika. Usiloweshe pini kwa mafuta ukiendesha nje, maana mafuta yakichanganyika na mchanga yanageuka msasa. Tumia kilainishi kikavu.

8. Pima tena zile ampea. Zikiwa zimepanda sana, rudi namba 2.

Na kidole chako nacho kibadilike. Simamisha kifaru kabla ya kurudi nyuma. Pinda kwa duara pana. Tiger la tani 57 halikuwa linazunguka kama pia.

OMBI KWA WAUZAJI

Unaponunua programu, mwenye programu anakuandikia inahitaji mfumo gani, RAM kiasi gani na nafasi gani kwenye diski. Asipoandika, na programu ikagoma, tunamwita mtapeli. Nataka wauzaji wa minyororo waandike mambo matatu tu kwenye ukurasa wa bidhaa: imetengenezwa kwa metali gani hasa, jozi ina uzito gani, na inahitaji giaboksi na sproketi za aina gani. Mistari mitatu. Haiwagharimu chochote isipokuwa wateja ambao wasingepaswa kununua.

"Inaingia kwenye Tiger zote" si habari. Hata jiwe linaingia kwenye tangi la petroli.

Mpaka mistari hiyo iandikwe, mtu akikwambia uanze na minyororo, mwulize swali moja: giaboksi yangu ina gia za nini? Akibabaika, acha pesa zako zikae M-Pesa.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo hapo chini, ila aje na namba za mizani na za ampea. Picha za minyororo inayong'aa nimeshaona za kutosha.